Msilie Sumu: Leteni Sindano

Kuna neno moja ambalo limekuwa jepesi mno midomoni mwetu, huku Butembo na Beni. Ni neno "sumu". Mtu akiumwa tumbo baada ya karamu, ni sumu. Kijana akikonda, ni sumu. Na mtoto wa shule akivimba uso baada ya kula wakati wa mapumziko, hapo hakuna hata mtu wa kuuliza. Kiwanja kizima chapiga kelele: amelishwa sumu! Nimefundisha katekisimu miaka ya kutosha kujua kwamba sumu yaweza kuwepo, maana dhambi ipo. Lakini nasema leo, na asiyependa anikasirikie: katika mambo ya watoto wa shule, kelele hizo zaweza kuua kuliko sumu yenyewe.

Fikirini msichana wa darasa la tatu. Wakati wa mapumziko ametoka nje, amenunua kikombe cha uji wa masoso mlangoni pa shule, uji ule wa mahindi, soya na mtama tunaoujua sote. Na leo mama muuzaji ametia unga wa karanga ndani ili uji upate utamu. Kabla kengele haijalia, midomo ya mtoto yawasha. Ajikuna shingoni. Vipele vyapanda mwilini kama mtu aliyepita katika upupu. Sauti yakwaruza, akohoa, atapika, asema kifua kimembana. Walimu waja mbio. Mmoja ataka maziwa, kwa kuwa maziwa, twaambiwa, huzima sumu. Mwingine ataka mafuta ya mawese ili mtoto atapike. Wa tatu amekwisha kumpigia simu nabii wa chumba cha maombi. Na vijana wakubwa wameshika mawe, wamtafuta mama wa uji. Dakika kumi zimepita. Dakika ishirini. Mtoto amelegea, midomo imegeuka rangi ya majivu. Sasa ndipo inapotafutwa pikipiki.

Akifa mtoto huyo, ni nani aliyemwua? Mama wa uji, ambaye amepikia watoto mia siku ile, nao wote wakaenda zao wazima? Nataka kila mwalimu na kila mzazi ajibu swali hili kabla ya kuendelea kusoma.

Ugonjwa huu una jina. Waganga wa hospitali wauita alerji. Waswahili wa pwani wana neno lao, mzio. Mwili wa kila mtu una walinzi wake ndani ya damu, na kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa watu wengine walinzi hao hukosea. Wamwona mgeni mwema, karanga au yai au samaki, wamdhani kuwa adui, na kumbe wafyatua risasi zote kwa mara moja ndani ya nyumba ile ile wanayoilinda. Watu wa Beni hawahitaji kuelezwa zaidi maana ya risasi zinazofyatuliwa katikati ya watu. Mishipa ya damu yalegea, damu yakosa nguvu ya kupanda kichwani. Koo lavimba, njia za pumzi zajifunga. Hali hiyo ya ghafla na ya hatari waganga huiita anafilaksi. Karanga ile haikuwa na sumu. Mtoto jirani amekunywa uji huo huo na anacheza mpira.

Wala jambo hili si uzushi wa juzi. Mwaka 1902 waganga wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walilieleza mbele ya wenzao, na Richet akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1913. Jina la alerji lenyewe lilibuniwa mwaka 1906 na mganga wa Vienna, Clemens von Pirquet. Namtaja huyu kwa furaha, kwa sababu kabla ya kusomea uganga alikuwa amesoma teolojia Innsbruck na filosofia Louvain, chuo kile kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954. Wanaoniambia kwamba katekista abaki na sala zake na kuwaachia waganga mambo ya damu, wamwangalie huyo.

Tena si karanga tu. Katika vyakula vyetu, wanaoonewa na mwili wao wenyewe waweza kuumizwa na samaki, mayai, maziwa, soya, ngano, ufuta. Samaki wa Kyavinyonge anayesifiwa na Butembo nzima kwa mtoto mwingine ni hatari kubwa, hata mchuzi wake tu, hata mwiko uliokoroga mchuzi huo kisha ukatumbukizwa katika maharage. Kuna watu wanaoumizwa na senene na kumbikumbi. Kuna nyuki na nyigu. Na kuna dawa, penisilini zaidi, ambazo huku kwetu mtu hununua barabarani kama pipi, bila kuulizwa na mtu kama dawa hiyo iliwahi kumdhuru. Mtoto mwenye pumu isiyotunzwa yumo hatarini kuliko wenzake wote, kwa kuwa mapafu yake yamekwisha kuwa dhaifu kabla vita haijaanza.

Sasa sikilizeni habari ya dakika, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mganga mmoja wa Uingereza, Pumphrey, alichunguza vifo vya namna hii katika nchi yake, akaandika aliyoyaona mwaka 2000. Kwa kipimo cha katikati, moyo au pumzi ya marehemu ilisimama dakika 30 baada ya chakula, dakika 15 baada ya kuumwa na mdudu, na dakika 5 tu baada ya dawa iliyotiwa kwa sindano hospitalini. Dakika thelathini! Hesabuni wenyewe, ninyi wenye shule vilimani, mvua ikiwa imenyesha na barabara imekuwa tope tupu. Ndani ya dakika hizo sisi twatafuta maziwa.

Na hayo maziwa, ngoja niyaseme kwa ukali. Ikiwa kilichomwumiza mtoto ni maziwa, mmemwongezea kile kile. Mkimpa mayai mabichi, kama wengine wafanyavyo, na mwili wake huchukia mayai, mmemmalizia. Mkimmiminia mafuta kinywani na koo limekwisha kuvimba, mafuta yaweza kushuka mapafuni. Dawa hizi za nyumbani mwaziita huruma. Mimi naziita kumnyima mtoto dakika zake za mwisho.

Najua neno litakalofuata, nimelisikia hata mlangoni pa kanisa: "Bwana Katekista, hayo ni magonjwa ya watoto wa Wazungu. Watoto wetu wamezoea udongo." Basi, tukubali hata kwamba huko Ulaya wagonjwa wa namna hii ni wengi kuliko wetu. Je, mmoja wetu akiwa naye, atakufa nusu kwa sababu ni mtoto wa Kinande? Lakini sina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Ninyi nyote mnaukumbuka ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Katika siku zile watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Wengi wenu mlikuwamo. Baada ya sindano mliambiwa mfanye nini? Mliambiwa mkae. Mkae pale pale nusu saa, chini ya hema, mkitazamwa. Wengine walinung'unika, wakisema kwamba wanazuiliwa ili wahesabiwe. Kumbe nusu saa ile ilikuwa kwa ajili ya jambo hili hili tunalolisema. Chanjo hiyo ilipojaribiwa Guinea mwaka 2015, mtu mmoja kati ya maelfu alipatwa na anafilaksi, akatibiwa akapona. Kwa ajili ya mmoja huyo, watu wote waliketishwa na dawa ikawekwa karibu. Mtu mmoja katika maelfu! Wale waganga hawakuuliza kama ni Mzungu au Mwafrika.

Na katika siku zile zile tulijifunza uvumi unavyofanya kazi. Ilisemwa kwamba Ebola ni biashara, ni siasa, ni sumu ya watu fulani. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa hapa Butembo hospitalini. Baada ya hayo yote, bado twaona kazi ndogo kumnyoshea kidole mama muuza uji? Kumsingizia mtu kwamba ameua ni dhambi ya mauti, ndugu zangu, na anayeokota jiwe kwa sababu ya masingizio hayo hawezi kujificha nyuma ya kundi. Naomba mapadre waseme hivyo wazi katika mahubiri, wasiogope kuwachukiza wenye nguo nzuri wanaokaa mbele.

Lipo na jambo la pili, dogo kwa sura, baya kwa matunda yake: neno "anadeka". Katika desturi yetu mtoto hakatai chakula. Sahani ni moja, mikono ni mingi, na anayechagua ni mjeuri. Desturi nzuri, sitaki kuitukana, imetulea. Lakini mtoto anayesema, "Mama, samaki ananiwasha mdomoni," huyo hachagui. Anatoa habari. Ni mlinzi anayegonga ngoma kabla ya hatari. Sisi twafanya nini? Twampiga kofi, twamwambia kwamba wenzake wanalala njaa. Mwalimu anayesimamia chakula humlazimisha amalize. Siku ile avimba kidogo, wiki nyingine avimba zaidi, nasi twasema mwili utazoea. Mwili huo hauzoei kwa namna hiyo. Aliyevimba kidogo leo aweza kuzimia kesho, wala hakuna mganga awezaye kukuambia kesho hiyo ni lini.

Na ni watoto gani wanaoambiwa wanadeka kuliko wote? Ni watoto wa wakimbizi. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji ya upande wa Beni yamewafukuza watu kutoka Eringeti, kutoka Oicha, kutoka Kamango, na vijiji ambavyo majina yake hayaandikwi hata katika ramani. Mtoto afika Butembo kwa mjomba au kwa shangazi, pengine kwa mtu asiye ndugu kabisa. Mama aliyejua kwamba huyu hali karanga amebaki nyuma, au amekufa. Karatasi za zahanati zimeungua. Mtoto mwenyewe yumo katika nyumba ya watu, anaona haya. Apewe nini akatae? Atakula. Asubuhi atapelekwa shuleni, na mwalimu ambaye tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure mwezi wa Septemba 2019 ana watoto wamebanana kama dagaa, atajuaje? Simlaumu mwalimu huyo peke yake. Namlaumu yule ambaye angeweza kuuliza swali moja siku ya kuandikisha, akaandika tu jina na tarehe ya kuzaliwa.

Sasa dawa. Dawa ya kwanza ni moja, nayo ni adrenalini, iliyotiwa kwa sindano katika nyama ya paja, upande wa nje, katikati, hata kupitia nguo kama hakuna nafasi. Naandika kwa ajili ya wauguzi wetu wa vituo vya afya, maana wengine wao, kwa kuogopa, huanza na deksametazoni na prometazini, wakaiacha adrenalini kabatini mpaka mwisho. Dawa hizo mbili zaweza kufuata, lakini hazifungui koo wala hazipandishi damu kwa haraka inayotakiwa. Anayezitanguliza anakawia. Adrenalini ya mililigramu 1 katika mililita 1 hupimwa kwa uzito: mililigramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto. Mtoto wa kilo 20, basi, hupewa mililita 0.2. Baada ya dakika 5, kama hajapata nafuu, hurudiwa. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Kama pumzi ndiyo inayomsumbua, aachwe akae. Wala asisimamishwe na kutembezwa ili "apate hewa", maana wako waliokufa kwa kusimamishwa tu. Na hapa lazima niseme juu ya pikipiki zetu. Kumbana mtoto aliyezimia kati ya dereva na mwalimu, ameketi wima, kilima kwa kilima, ni hatari kubwa. Lakini twajua kwamba mara nyingi hakuna gari. Ndiyo maana nasema: sindano kwanza, pikipiki baadaye. Kisha hospitali, hata kama amepata nafuu na anacheka, kwa sababu ugonjwa huu waweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mtaniambia kwamba hatuna fedha. Ni kweli kwamba huko Marekani kuna kalamu za adrenalini zinazojidunga zenyewe, na mwaka 2016 watu wa huko walipiga kelele kwa sababu kalamu mbili zilifika dola 600. Siwaombi hizo. Ampuli ya kawaida ni miongoni mwa dawa za bei ndogo katika kabati lolote la kituo cha afya. Haihitaji friji, yataka tu kivuli na mahali pasipo joto kali, na Butembo yetu, kwa baridi yake, ni kabati zuri lenyewe, Beni ndiyo waangalie zaidi. Ikigeuka rangi, itupwe. Tarehe yake ikipita, inunuliwe nyingine. Kamati za wazazi zinazokusanya faranga kwa ajili ya zawadi ya mgeni mkubwa anayekuja kutembelea shule, zikose faranga za ampuli mbili na mabomba mawili ya sindano? Siamini.

Mwalimu si mganga, wala sitaki awe. Nataka shule ikae na kituo cha afya kilicho karibu, wapatane. Muuguzi aje siku moja awafundishe walimu wote kuitambua hali hii, na wawili kati yao, wenye mkono usiotetemeka, awafundishe kudunga. Mtoto aliyekwisha kupatwa mara moja apelekwe kwa daktari. Daktari aandike katika karatasi jina lake, kinachomdhuru, na kipimo chake. Karatasi hiyo ikae pamoja na ampuli katika ofisi ya direkta. Isikae ndani ya kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake umo mfukoni mwa direkta, na direkta ameenda mjini kutafuta mishahara. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kina fakulte ya uganga hapa hapa Butembo. Wanafunzi wake wangeweza kuzunguka shule zetu kwa zamu. Wanaombwa?

Nchi nyingine zilingoja mtoto afe ndipo zikatunga sheria. Katika jimbo la Ontario, Kanada, msichana wa miaka 13, Sabrina Shannon, alikufa mwaka 2003 baada ya kula viazi vya kukaanga shuleni vilivyoguswa na maziwa. Tangu tarehe 1 Januari 2006 kuna sheria huko iitwayo kwa jina lake: kila shule iwe na mpango wa kila mtoto mwenye hatari hii, na walimu wafundishwe mara kwa mara. Sisi tungoje bunge la Kinshasa? Shule nyingi za hapa ni shule za Kanisa, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi na Serikali tarehe 26 Februari 1977. Mapatano hayo yametupa uongozi. Twajivunia jambo hilo wakati wa mitihani, matokeo yakiwa mazuri. Anayejivunia matokeo achukue na mzigo.

Nao wanaosema kwamba haiwezekani kuisumbua shule nzima kwa ajili ya mtoto mmoja, nawaomba waingie kanisani wafuate macho yangu hadi altareni. Hostia ni ya ngano; bila ngano hakuna Ekaristi, Kanisa halitabadili hilo. Je, kuna Wakristu ambao ngano huwadhuru? Wapo. Kanisa lilifanya nini? Liliwaambia wakae nyuma? La hasha. Mwaka 2003 Idara ya Mafundisho ya Imani, ikiongozwa na Kardinali Ratzinger, iliandika kwamba zaweza kutumiwa hostia zenye gluteni kidogo sana, na asiyeweza hata hizo apokee kwa umbo la divai peke yake. Kanuni ya 925 ya Sheria za Kanisa yaruhusu hivyo panapo haja. Padri aandae kikombe kidogo cha pekee, asiyachanganye, kwa ajili ya mtu mmoja katika umati wote. Basi ikiwa altare yenyewe yamngoja huyo mmoja, jiko la shule ni nani hata likatae? (Na ninyi makatekista wenzangu: kabla ya Komunyo ya kwanza waulizeni wazazi juu ya ngano. Ni swali la nusu dakika.)

Hata hivyo nisieleweke vibaya na wenye bidii kupita kiasi. Sisemi karanga zifukuzwe katika nchi. Karanga ni nyama ya maskini, na mtoto aliye mzima azile, tena mapema. Mwaka 2015 waganga wa London walionyesha, kwa kuwafuata watoto wachanga 640 walioonekana kuwa na hatari, kwamba waliolishwa karanga tangu mwaka wa kwanza, zimesagwa laini, walipata ugonjwa huu kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Kwa hiyo mama asiwanyime watoto wake wote kwa sababu ya hofu. Amnyime yule mmoja ambaye mwili wake umekwisha kusema. Wala direkta asimkatae mtoto huyo siku ya kuandikisha ili kujiepusha na taabu; huyo atakuwa amemtupa kondoo ili zizi libaki safi. Wenzake darasani waelezwe, kwa maana watoto wakielezwa ni walinzi wazuri kuliko sisi. Na wale wanaomtania kwa kumpaka karanga mkononi waadhibiwe barabara.

Juu ya nyuki nitasema machache. Shule nyingi zetu zina mzinga juu ya dari au katika mti wa mkaratusi kando ya kiwanja, na kila mtu ameuzoea. Mwenye kujua kazi ya nyuki aitwe, auhamishe wakati watoto hawapo, na asiitwe kijana wa kutupa mawe. Mtoto akiumwa, kwanza wakimbie mbali. Kisha mwiba utolewe upesi, kwa ukucha au kwa chochote, kwa sababu sumu yake huingia yote katika muda usiofika dakika moja. Hiyo ndiyo sumu ya kweli, na hakuna jirani aliyeitia. Uvimbe wa mahali pale peke yake usiwaogopeshe. Vipele vikienea mwili mzima, sauti ikibadilika, akitapika au akilegea, basi mmeingia katika zile dakika 15.

Vyumba vya maombi sikuvisahau. Mwenye kumwombea mgonjwa afanye vema. Mimi mwenyewe nitapiga magoti naye. Lakini anayemzuia mtoto asipelekwe hospitali mpaka "pepo atajwe jina", anacheza na uhai usio wake, na mzazi Mkatoliki anayempeleka mtoto huko kwa siri usiku, kisha Jumapili akaja kupokea, azungumze na padri wake.

Masomo hufunguliwa mwezi wa Septemba. Karatasi ya kuandikisha ina mstari wa jina, mstari wa baba na mama, mstari wa parokia, mstari wa minervali kwa shule zinazodai. Iongezwe mistari miwili: Kuna chakula, dawa au mdudu gani uliowahi kumvimbisha mtoto huyu au kumkata pumzi? Na kama mtoto halelewi na wazazi wake, ni nani anayejua habari za mwili wake, na simu yake ni ipi? Mzazi asiyejua kusoma aulizwe kwa Kinande, polepole, bila haraka ya foleni. Majina yatakayopatikana yabandikwe ofisini na yapelekwe kwa muuguzi kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Na mama wa uji mlangoni aambiwe naye, kwa heshima, ni mtoto yupi asiyepaswa kupewa uji wenye karanga.